Je, Ni Fidia Tu? Uhakiki wa Istilahi za Uchunguzi wa California Kuhusu Wazao wa Waliotiwa Utumwani

Utangulizi

Tarehe 29 Juni, 2023, kamati ya watu tisa iliyoundwa kwa sheria ya jimbo la California, nchini Marekani, ilitoa taarifa yake ya mwisho. Taarifa hiyo, yenye kurasa zaidi ya elfu moja, ilieleza utumwa wa watu weusi wa nchi ile, madhara yaliyowafuata wazao wao tangu utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, na njia ambazo serikali ingeweza kuzitumia ili kuyaondoa. Tangu wakati huo habari zake zimekuwa zikiandikwa kwa Kiswahili magazetini, redioni na katika majalada ya ofisi. Mwaka 2025 haja iliongezeka, kwani Umoja wa Afrika uliufanya mwaka huo kuwa mwaka wa kudai haki ya namna hiyo hiyo kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika. Na kwa kuwa mwezi Februari 2022 wakuu wa nchi wa Umoja huo waliamua Kiswahili kiwe lugha ya kazi, haitupasi tena kungoja wengine watuchagulie maneno.

Makala haya hayahukumu kama wazao hao walipwe au wasilipwe. Hilo ni shauri la Wamarekani na serikali zao. Kazi yetu ni ndogo kuliko hiyo, lakini ina uzito wake: kupima kama msomaji wa Kiswahili anaelezwa lililosemwa, au anaelezwa jambo jingine. Katika tafsiri zilizofika mezani petu, mara nyingi anaelezwa jambo jingine. Na kosa hilo, kama tutakavyoona, sisi wenyewe tumelishiriki.

Mzee mmoja alitujia ofisini na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne. Mwanawe anaishi Oakland, California, kwa miaka mingi. Mzee alikuwa amesoma kwamba Waafrika wa California watalipwa fidia ya utumwa, akataka tumwambie jina la fomu ili ampigie mwanawe simu aijaze mapema. “Wanangu, ninyi ndio wenye maneno,” alisema, “niambieni fomu hiyo inaitwaje.” Tulimweleza kwamba hapana fomu, kwamba kamati ilipendekeza tu, na kwamba mwanawe, aliyehamia huko akiwa mtu mzima, hayumo katika watu waliokusudiwa. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: “Mimi bibi yangu mzaa baba aliuzwa Unguja. Yeye alilipwa na nani?”

Tulipoufungua ukurasa ule tuliona kwamba neno lililompoteza mzee lilikuwa ni lile lile tulilompa mwandishi mmoja kwa simu, bila ya kufikiri sana, alipotuuliza Kiswahili cha istilahi ya Kiingereza “reparations”. Tulijibu: fidia. Uhakiki huu basi unaanzia nyumbani.

Neno fidia na mipaka yake

Fidia ni neno zuri, nalo lina kazi yake katika serikali yetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, hulitumia kwa mtu anayenyang’anywa mali yake. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa wale wanaoumia kazini. Mwananchi ambaye shamba lake limepitiwa na barabara hulijua neno hili vizuri kuliko mwanasheria: atakuja mthamini, atahesabu minazi na miembe, ataandika kiasi, na mwenye shamba atatia sahihi. Kwa hiyo neno fidia katika lugha ya utawala lina sehemu tatu ambazo haziachani: mali au kiungo kilichopotea, tathmini, na fedha.

Msomaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba California ilichunguza fidia ya utumwa, mara moja hujengeka akilini mwake picha ya mthamini na fomu. Hafanyi kosa lolote. Anafuata maana ambayo sisi wenyewe tumemfundisha kwa miaka mingi. Kosa ni letu tuliompa neno la sehemu moja tukidai ni jina la kitu kizima.

Kuna na jambo la pili, ambalo ni la historia ya neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni malipo ya kumkomboa mtu. Makamusi ya zamani huonyesha kitenzi kufidi kwa maana ya kumtoa mateka au mtumwa kwa mali. Waislamu hulijua katika sheria ya funga, kwa chakula anachotoa asiyeweza kufunga. Wakristo hulijua katika tafsiri za maandiko kwa maana ya bei ya ukombozi. Katika mambo ya utumwa, basi, fidia ilikuwa ni mali iliyomwendea bwana ili amwachilie mtu. Anayepokea fidia ni mwenye mtumwa. Neno hili likihamishwa bila ya maelezo, huenda likabeba mgongoni mwake dhana ambayo taarifa ya California iliandikwa kuipinga.

Waliolipwa zamani

Hili si suala la makamusi tu. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ilitenga paundi milioni 20 za fidia, nazo zilikwenda kwa wenye watumwa. Deni lililokopwa kwa kazi hiyo halikumalizwa na hazina ya Uingereza mpaka mwaka 2015. Haiti, ambayo watu wake walijikomboa kwa vita, ilitakiwa na Ufaransa mwaka 1825 ilipe faranga milioni 150 kwa ajili ya waliokuwa mabwana. Kiasi hicho kilipunguzwa mwaka 1838 kikawa milioni 90. Katika mji mkuu wa Marekani wenyewe, Washington, sheria ya Aprili 1862 iliwapa mabwana waliokubali kuwa watiifu kwa serikali hadi dola 300 kwa kila mtu aliyeachiliwa.

Na hapa ndipo tulipopata jibu la mzee wetu. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 iliondoa hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, nayo iliweka utaratibu wa fidia. Fidia hiyo iliwahusu mabwana walioweza kuthibitisha hasara yao. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende auombe. Huko pwani ya Kenya, sheria ya mwaka 1907 ilifuata njia hiyo hiyo ya kuwafidia mabwana. Kwa hiyo bibi yake hakulipwa na mtu. Kama palikuwa na malipo yaliyotajwa kwa jina lake, basi yalimwendea aliyemnunua.

Mfasiri asiyeijua historia hii anaweza kuandika sentensi isemayo kwamba fidia ya utumwa haijapata kulipwa, na sentensi hiyo itakuwa si kweli. Fidia ya utumwa imelipwa mara nyingi. Kilichokuwa hakijafanywa ni kile kingine, ambacho mpaka sasa tunakitafutia jina.

Matawi matano ya jambo moja

Kamati ya California haikuibuni dhana yake yenyewe. Iliifuata misingi iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2005 kuhusu haki za watu waliotendewa maovu makubwa. Misingi hiyo huligawa jambo hili katika matawi matano, na ni vyema tuyapitie moja moja, kwani hapo ndipo upungufu wa neno fidia unapoonekana wazi.

Tawi la kwanza ni kukirudisha kilichochukuliwa. Mfano wa California ni Bruce’s Beach, kiwanja cha pwani katika mji wa Manhattan Beach. Charles na Willa Bruce walianza kununua ardhi hapo mwaka 1912 wakafungua mahali pa mapumziko kwa watu weusi, na katika miaka ya 1920 mji ukaichukua kwa kisingizio cha bustani ya umma. Baada ya sheria ya jimbo ya mwaka 2021, ardhi hiyo ilirudishwa kwa wazao wao mwaka 2022, nao wakaiuza mwaka uliofuata kwa serikali ya wilaya kwa karibu dola milioni 20. Kuita tendo la mwaka 2022 fidia ni kukosea. Mtu akirudishiwa ng’ombe wake aliyeibiwa hatusemi amefidiwa, twasema amerudishiwa. Neno urejeshaji latosha.

Tawi la pili ni malipo ya fedha kwa hasara inayoweza kuhesabiwa. Hili ndilo fidia, na hapa neno limekaa mahali pake. Taarifa ilitaja aina tano za hasara: za afya, za kufungwa magerezani na kuandamwa na polisi kupita kiasi, za ubaguzi wa makazi, za kunyang’anywa ardhi, na za kudunishwa kwa biashara za watu weusi. Wataalamu wa uchumi walionyesha namna ya kuzihesabu baadhi yake. Ni muhimu mfasiri ajue kwamba kamati ya jimbo haikutoa hati ya malipo. Ile dola milioni 5 kwa mtu mmoja, iliyotajwa sana magazetini, ilitoka katika mapendekezo ya kamati nyingine kabisa, ya ushauri ya mji wa San Francisco. Tumeona habari hizo mbili zikiunganishwa kuwa moja.

Tawi la tatu ni kumrudisha mtu katika afya na hali njema kwa matibabu, ushauri na huduma za jamii. Hapa Wizara yetu ya Afya imekwisha kutangulia kwa istilahi nzuri ya huduma za utengamao, kutokana na kitenzi kutengamaa, na hatuoni sababu ya kuunda nyingine.

Tawi la nne ni kumridhisha aliyedhulumiwa kwa yasiyo fedha: ukweli kutangazwa hadharani, kumbukumbu kujengwa, mkosaji kuomba radhi. California ilipitisha sheria ya kuomba radhi mwezi Septemba 2024. Kiswahili ni tajiri sana hapa. Radhi kwetu si neno la adabu tu. Mtoto anayekosa radhi ya wazazi hana raha, na anayeomba radhi hujishusha mbele ya aliyemkosea. Kwa tawi hili twapendekeza uridhisho, lenye mzizi huo huo, ili msomaji auone uhusiano kati ya mkosaji anayeomba radhi na mkosewa anayeridhika. Yafaa tukumbuke kwamba kuomba radhi hakulazimishi kuridhika. Ndiyo maana hatukuchagua maridhiano, neno ambalo huhitaji pande mbili zikubaliane.

Tawi la tano ni ahadi yenye nguvu ya sheria kwamba jambo halitatendeka tena. Kamati ilipendekeza, kwa mfano, kwamba katiba ya jimbo ifute maneno yanayoruhusu utumishi wa kulazimishwa kuwa adhabu ya kosa la jinai. Shauri hilo lilipelekwa kwa wapiga kura mwezi Novemba 2024, nao walilikataa. Twapendekeza dhamana ya kutorudia. Tumeliacha neno ahadi kwa kuwa ahadi huvunjwa bila ya gharama, lakini dhamana ina kitu kilichowekwa.

Msomaji ataona sasa kwamba katika matawi matano, fidia ni moja. Anayeandika fidia kwa yote matano ameyakata manne, akabakisha lile ambalo watu hugombana nalo zaidi.

Maneno mengine yaliyojaribiwa

Tumekutana na majaribio kadhaa ya kutafuta jina la jumla, nayo yanastahili kupimwa kwa haki.

Dia limetumiwa na waandishi wachache wa pwani. Ni neno zito, lenye heshima ya sheria. Lakini dia ni malipo ya damu, hulipwa na jamaa za muuaji kwa jamaa za aliyeuawa ili kisasi kikome. Linafaa kwa waliouawa, halifai kwa nyumba, elimu na ardhi. Zaidi ya hayo, dia hufunga kesi, na waliodai nchini Marekani hawakusema kwamba wanataka kesi ifungwe.

Kifuta machozi, pamoja na ndugu yake kifuta jasho, ni neno la wananchi ambalo serikali yetu imelipokea katika kanuni zake za madhara ya wanyamapori. Ndovu akila shamba, mwenye shamba hupewa kifuta jasho; mnyama akiua mtu, jamaa hupewa kifuta machozi. Uzuri wa istilahi hizi ni ukweli wake: zinakiri kwamba kinachotolewa hakilingani na kilichopotea. Lakini ndani yake mna jambo ambalo haliwezi kukubaliwa hapa. Anayetoa kifuta machozi hakubali kwamba amekosa. Serikali haikumtuma ndovu. Katika utumwa, kwa upande mwingine, sheria, mahakama na askari wa serikali ndio walioushikilia. California yenyewe, ingawa katiba yake ya mwaka 1849 ilikataza utumwa, ilipitisha sheria mwaka 1852 ya kuwakamata na kuwarudisha kwa mabwana watu waliotoroka. Kumpa mzao wa mtu kama huyo kifuta machozi ni kumwambia kwamba babu yake alikanyagwa na mnyama wa porini.

Ukarabati limependekezwa kwa sababu neno la Kiingereza lina maana ya kutengeneza kilichoharibika. Lakini kwa Kiswahili hukarabatiwa majengo, barabara na mashine. Utengenezaji ni baya zaidi, kwa kuwa utengenezaji wa madhara ungefahamika kuwa ni kuyaunda madhara yenyewe. Matengenezo nalo limekwisha kuchukuliwa na Wakristo kwa historia ya kanisa na na mafundi kwa magari. Ama malipizi na mapatilizo, ambayo tumeyaona mara moja moja, ni maneno ya kisasi, na mwandishi anayeyatumia amewageuza waombaji wa haki kuwa watu wenye kutaka kuwaumiza wenzao.

Lugha nyingine nazo zimehangaika. Wajerumani, walipopatana na Israeli mwaka 1952, walikuwa na neno lao lenye maana ya kulifanya jambo liwe jema tena, nalo limelaumiwa tangu siku hizo, kwa kuwa mauaji hayawezi kufanywa mema tena. Kiarabu cha Umoja wa Mataifa hutumia jabr, ambalo maana yake ya asili ni kuunga mfupa uliovunjika, na wanasheria wa lugha hiyo husema kuunga madhara. Mfano huo ni mzuri. Aungaye mfupa hasemi kwamba haukuvunjika, wala haulipi mguu fedha. Anaurudisha mahali pake, anaufunga, anaungoja ushike, na anaonya usiangushwe tena. Matawi yote matano yamo.

Kutokana na mfano huo twapendekeza urekebishaji wa madhara kuwa istilahi ya jumla. Tunajua udhaifu wake. Ni ndefu. Marekebisho hutumika kwa vifungu vya sheria, na urekebishaji wa tabia hutumika kwa wafungwa. Kwa hiyo neno madhara lisiachwe kamwe. Huenda pia likasikika pole mno kwa jambo zito. Lakini lina sifa moja ambayo fidia haina: humlazimu msemaji ataje madhara, na msomaji aulize ni madhara gani. Mji wa Evanston, jimboni Illinois, ulipoamua mwaka 2021 kutoa dola 25,000 za makazi kwa wakazi weusi na wazao wao, madhara yaliyotajwa yalikuwa ubaguzi wa makazi mjini humo kati ya mwaka 1919 na 1969. Kuandika fidia ya utumwa, kama ilivyoandikwa, ni kuyabadili madhara yenyewe.

Wazao, vizazi na wazalia

Kosa la pili kwa uzito ni katika kuwataja watu. Tarehe 29 Machi, 2022, kamati ilipiga kura kuamua ni akina nani wanaohusika, na kura zilikuwa 5 kwa 4. Waliochaguliwa ni wale ambao kwa nasaba wametokana na Mwafrika aliyetiwa utumwani Marekani, au na mtu mweusi aliyekuwa huru akiishi nchini humo kabla ya mwisho wa karne ya 19. Upande ulioshindwa kwa kura moja ulitaka watu weusi wote wa jimbo wahusike. Mgogoro wote basi ulikuwa kati ya nasaba na rangi. Tafsiri inayosema Wamarekani Weusi, au inayosema Waafrika kama lile gazeti la mzee wetu, imewapa ushindi walioshindwa.

Kwa watu hawa tumekuta vizazi vya watumwa, wazalia wa watumwa, na watoto wa watumwa. Yote matatu yaepukwe. Vizazi vya watumwa yaweza kufahamika kuwa ni watumwa wenyewe, kizazi baada ya kizazi. Wazalia ni mtego kwa mfasiri wa bara: leo mzalia ni mwenyeji wa mahali, lakini katika Kiswahili cha pwani cha zamani mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa huku huku, akitofautishwa na aliyeletwa karibuni. Mtoto wa mtumwa ni tusi, na kuna nyumba za pwani ambamo tusi hilo bado linauma. Neno wazao halina doa hata moja kati ya hayo.

Je, mtumwa au mtu aliyetiwa utumwani? Wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakihitaji badiliko ambalo Kiingereza kimelifanya, kwa kuwa mtumwa kwa asili ni mtu anayetumwa. Utendwa umo tayari ndani ya neno. Hoja hii ni ya kweli kwa sarufi, lakini si ya kweli kwa masikio. Anayesikia mtumwa leo hasikii kitenzi kutuma, husikia daraja la mtu, kama ilivyokuwa kwa mtwana na mjakazi. Kusema aliyetiwa utumwani hurudisha swali la nani aliyemtia. Twapendekeza litumike katika hati za serikali na za sheria, na katika habari ndefu litangulie angalau mara moja. Washairi na wanahistoria hatuwakatazi neno mtumwa.

Kamati, uchunguzi na mapendekezo

Chombo chenyewe kimeitwa kikosi kazi. Neno hili limeenea, lakini lina harufu ya kambi. Watu tisa waliokaa kusikiliza ushahidi wa wananchi kuanzia Juni 2021 hawakuwa kikosi. Kamati latosha, tume laweza kuwekwa kwa vyombo vya taifa zima, kama tulivyozoea katika Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya.

Kazi yao imeitwa masomo, utafiti na hata upelelezi. Masomo ni ya wanafunzi na upelelezi ni wa polisi. Utafiti una haki zaidi, lakini utafiti huishia katika maarifa, na chombo cha serikali huchunguza ili kitoe shauri. Tofauti hii ina historia. Mbunge John Conyers alipopeleka muswada wake katika bunge la Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1989, jina lake lilitaja tume ya kuchunguza mapendekezo. Mwaka 2017 liliongezwa neno la pili, kwamba tume ichunguze na kuandaa. Neno moja hilo lilitenganisha kuuliza kama jambo lifanywe na kuuliza lifanywe vipi. Sheria ya California ya mwaka 2020 ilichukua maneno yote mawili, na mfasiri anayeliacha la pili amerudisha mjadala nyuma.

Hatimaye, mapendekezo si maamuzi. Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungwa makambini wakati wa Vita Kuu ya Pili waliundiwa tume mwaka 1980. Sheria ya kuwaomba radhi na kuwapa dola 20,000 kila mmoja aliyekuwa bado hai ilipitishwa mwaka 1988. Kati ya uchunguzi na sheria palikuwa na miaka minane, na wengine walikufa katikati. Huko California, sheria ya kuunda idara ya kuwahudumia wazao ilitiwa sahihi mwaka 2025, miaka miwili baada ya taarifa. Mwandishi anayesema California imeidhinisha fidia, hali kamati imependekeza tu, humfanya mzee apige simu Oakland usiku wa manane.

Mapendekezo

Kwa hiyo twaweka mbele ya wasomaji istilahi hizi ili zijadiliwe kabla ya kupelekwa katika kikao cha usanifishaji:

1. Urekebishaji wa madhara: jina la jumla la matawi yote matano.
2. Urejeshaji: kukirudisha chenyewe kilichochukuliwa.
3. Fidia: malipo ya fedha kwa hasara inayohesabika, na si zaidi ya hapo.
4. Utengamao: huduma za kumrudishia mtu afya na hali njema.
5. Uridhisho: radhi, ukweli wa hadharani na kumbukumbu.
6. Dhamana ya kutorudia: mabadiliko ya sheria na taratibu ya kuzuia jambo lisirudi.
7. Wazao wa watu waliotiwa utumwani. Na pale panapohusika sharti la ukoo, nasaba.
8. Kamati ya kuchunguza na kuandaa mapendekezo.

Jina kamili la chombo cha California litakuwa basi: Kamati ya Kuchunguza na Kuandaa Mapendekezo ya Urekebishaji wa Madhara kwa Wamarekani Weusi, kwa Kuwaangalia Hasa Walio Wazao wa Watu Waliotiwa Utumwani Marekani. Ni refu, lakini hata kwa Kiingereza ni refu, na kila neno lilipiganiwa.

Tamati

Twajua kwamba fidia halitaondoka katika vichwa vya habari. Ni fupi, limezoeleka, na Umoja wa Afrika ukitajwa kwa Kiswahili limekwisha kutumika. Hatutaki kushindana na mto. Tunaomba jambo moja: kichwa cha habari kikisema fidia, aya ya kwanza iseme urekebishaji wa madhara na itaje matawi yake. Walimu wa tafsiri wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi la kulifasiri jina la kamati ile peke yake. Kipindi kizima hakitatosha. Maofisa wanaoandaa hati za mikutano ya Afrika watuletee maneno yanayowakwaza kabla hayajapigwa chapa, si baada yake.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri walioteuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1992 kulishughulikia suala hili, na mkutano wa Abuja ukafuata mwaka 1993. Tangu wakati ule Mswahili amekuwamo katika shauri hili, ila Kiswahili hakikuwamo. Mzee wetu alipoondoka tulimwandikia kwenye karatasi maneno aliyoyataka: kwamba mwaka 1897 fidia ilimwendea bwana. Aliikunja pamoja na lile gazeti. Neno tulilompa mwandishi kwa simu hatuwezi kulirudisha. Hili jingine twaliweka hapa, na tunangoja barua zenu za kulipinga au kulikubali.